Pesa Imetoka, Bili Haijasonga: Maswali Yenu Kuhusu Kulipa Maji kwa Simu

Toleo lililopita tuliuliza kama kuna mtu anasumbuka na bili ya maji na sewa siku hizi za kulipa kwa simu, na kusema ukweli hatukutarajia haya mafuriko. Meseji, barua pepe, wengine wametuma picha za mita zimejaa matope hadi namba hazisomeki. Zimetoka Nakuru, Kisumu, Kitale, Kakamega, na moja imetoka Doha kwa kijana ambaye mamake ndiye yuko Kakamega. Nimechagua zile zinagusa wengi, na zile ndefu nimezipunguza, mniwie radhi.

*Dada, habari ya kazi. Nimehamia Section 58 hapa Nakuru juzi tu na mwenye nyumba ameniambia hii nyumba iko na mita yake, maji nitakuwa najilipia mwenyewe na simu. Kule nilikotoka maji ilikuwa ndani ya kodi, sijawahi kulipa bili ya maji maisha yangu. Amenitumia meseji ya bili iko na manamba mingi sijui ni gani naweka wapi, na naogopa pesa ikipotea nitamshika nani. Nianzie wapi?*
*Mpangaji mgeni, Section 58*

Karibu mtaa. Hizo namba zinazokuchanganya ni tatu tu. Kuna namba ya akaunti, hiyo ni yako kama mteja, ama ya huyo mwenye nyumba kama akaunti iko kwa jina lake. Kuna namba ya mita, ile imechapwa kwa mita yenyewe, na hii mita ikiharibika wakakuwekea ingine inabadilika, lakini akaunti inabaki ileile. Halafu kuna namba ya Paybill ambayo ni ya kampuni, mtaa wote mnatumia moja. Sasa kosa linalofanywa sana ni mtu kutoka nje, anainama kwa mita, anasoma namba iko hapo anaiweka mahali pa akaunti, pesa inaenda, halafu mwisho wa mwezi anashangaa deni liko palepale.

Nakuru mjini kampuni ni NAWASSCO, Kisumu ni KIWASCO, Bungoma na Trans Nzoia ni NZOWASCO, na kila moja iko na Paybill yake, kwa hivyo usiombe namba binamu yako wa Kisumu. Paybill zenyewe sitaziandika hapa na nafanya hivyo makusudi, juu hili jarida huwa linasomwa kwa kinyozi miaka miwili baada ya kutoka na namba zinaweza kuwa zimebadilishwa. Itoe kwa bili yako ama uende ofisini uone imebandikwa wapi. Usiitoe kwa kikundi cha Facebook.

Kulipa kwenyewe ni kwepesi. Ingia M-Pesa, ama piga *334#, enda Lipa na M-Pesa, chagua Paybill, weka namba ya kampuni, weka akaunti, weka kiasi, namba ya siri, basi. Kabla haijatuma utaonyeshwa jina. Hapo simama kidogo usome, na uelewe unachosoma: jina unaloonyeshwa ni la kampuni, si lako. Linakuhakikishia kwamba Paybill iko sawa, halikuhakikishii akaunti. Kuna kampuni zimeunganisha mfumo wao vizuri hivi kwamba ukiweka akaunti ambayo haipo malipo yanakataa, na kuna zile hazijafanya hivyo, zinapokea chochote, hata ukiandika jina la mbwa wako. Na hata zile zinazokagua, zinakagua tu kama akaunti ipo, haziwezi jua kama ni yako. Ukikosea tarakimu moja ukaangukia akaunti ya mtu mwingine, kwa mfumo hayo ni malipo halali kabisa.

Kwa hivyo fanya hivi, lipa mara ya kwanza pole pole ukiwa na bili mkononi, na ukishaona imeingia kwa akaunti yako, hifadhi hiyo akaunti kwa simu mahali unaweza kuinakili. Usiichape kichwani kila mwezi.

Umeuliza pia kama unaweza lipa kidogo kidogo. Unaweza. Kwa bili za kawaida za mwisho wa mwezi kila ukituma deni linapungua, na ukizidisha inakaa kama salio lako mbele. Lakini angalia ada ya kutuma. Kuna Paybill ambapo kampuni inabeba gharama yote, kuna zile mnagawana, na kuna zile mteja anabeba yote. Kama yenu ni ya mteja kubeba, kulipa mara tatu ni kukatwa ada mara tatu.

*Msaada tafadhali. Niko Migosi, Kisumu. Nimetuma 2,300 ya maji kwa akaunti ya jirani, tulikuwa tumebadilishana karatasi za bili juu yeye hana miwani alitaka nimsomee. Nimepigia Safaricom wakaniambia nimepigia watu sio. Nitarudishiwa?*
*Mama wa Mapacha, Migosi*

Pole mama. Hapo Safaricom hawakukosea sana. Pesa ilienda kwa Paybill sahihi, kampuni ya maji imeipokea, iko kwa vitabu vyao, ila imekaa kwa jina la jirani. Anayeweza kuitoa kwa akaunti moja aiweke kwa ingine ni kampuni ya maji peke yake. Chukua ile meseji ya M-Pesa, ile iko na kodi ya muamala (code, si kodi ya nyumba) ya herufi na tarakimu kumi, andika barua fupi ama barua pepe useme nililipa tarehe fulani, kiasi hiki, kodi ni hii, ilienda kwa akaunti hii badala ya hii, naomba ihamishwe. Beba kitambulisho na hizo bili zote mbili. Uende na jirani mwenyewe kama anaweza, juu ofisi haitapenda kutoa pesa kwa akaunti ya mtu bila mwenyewe kujua, na hapo wako sahihi, ungependa wewe wakufanyie hivyo?

Ama mfanye ile njia ya majirani. Jirani ako na bili ya kulipa, si ndio? Wewe umeshamlipia. Akupatie 2,300 taslimu, wewe ulipe yako upya kwa akaunti yako, mambo yameisha kabla ya chai ya saa kumi. Kama bili yake ni ndogo kuliko hiyo, inayobaki itakuwa salio lake na mnajua vile mtaelewana.

Sasa wale walikosea Paybill yenyewe, sio akaunti, yaani pesa ya maji ikaenda kwa duka la vigae, hiyo ndiyo unakimbilia Safaricom. Unaforwadi ile meseji ya M-Pesa kwa 456 haraka, ama unapiga 234. Usikae hadi kesho ukitafakari.

*Nilifuta meseji zote simu ilipojaa. Ofisi inataka ushahidi wa malipo ya Machi. Nimeisha?*
*Kijana wa bodaboda, Kitale*

Hujaisha. Enda kwa *334#, sehemu ya akaunti yangu, uombe taarifa kamili itumwe kwa barua pepe, ama uitoe kwa programu ya M-Pesa. Italeta kila kitu na kodi zake.

*Dada mimi naona hii mambo ya sewa ni wizi tu. Nyumbani tuko watu watatu, maji mingi tunamwagilia sukuma wiki na maua, haiendi kwa sewa hata kidogo. Lakini kila bili kuna laini ya sewa na ikipanda maji na hiyo pia inapanda. Nani alipima hayo maji taka yangu?*
*Mkulima wa mjini, Milimani, Nakuru*

Hakuna aliyeyapima. Maji taka ya nyumbani hayana mita. Kinachofanyika ni kwamba wanachukua maji uliyotumia, yale ya mita, halafu sewa inahesabiwa kutoka hapo kwa kiwango kilichoidhinishwa. Ndio maana zinapanda pamoja. Wanachukulia kwamba sehemu kubwa ya maji yakiingia kwa nyumba yatatoka kwa sinki, bafu na choo. Kwa nyumba ya ghorofa hiyo ni kweli kabisa, kwa mtu wa sukuma wiki kama wewe si haki sana, nakubali, lakini huo ndio mpango na haukutungwa na karani wa hapo ofisini. Bei za maji na sewa zinaidhinishwa na WASREB, ile bodi ya kusimamia huduma za maji, chini ya Sheria ya Maji ya 2016, na zinachapishwa kwa Gazeti Rasmi la Serikali. Una haki ya kuitisha hiyo orodha ya bei ukalinganisha na bili yako laini kwa laini.

Kitu ningekuambia ufanye ni kutega maji ya mvua kwa hiyo bustani. Nakuru mvua ikija inakuja, na maji ya mvua hayapiti kwa mita, kwa hivyo umeokoa mara mbili, maji na sewa.

Na usiichukie sana hiyo laini. Maji taka ya Nakuru yanasafishwa kwa mitambo miwili, ule wa Njoro na ule wa mjini, na yakitoka hapo yanaelekea Ziwa Nakuru, kwa flamingo. Kisumu kuna Kisat na yale mabwawa ya Nyalenda, na baada ya hapo ni ziwani, ziwa lilelile ambalo Dunga wanavuta maji ya kunywa. Mimi nikikumbuka hilo huwa nalipa sewa bila kununa.

Lakini wengine wameandika wanasema wako na shimo la choo ama tangi lao la maji taka uani, hawajaunganishwa na laini yoyote, na bado bili inasema sewa. Hao ni kesi tofauti kabisa. Kama hujaunganishwa hupaswi kutozwa huduma usiyopata. Andika uombe waje wakague, usipige simu tu, andika, na ukiwa na risiti za gari la kunyonya maji taka ziambatishe. Na uombe wahesabu wakirudi nyuma hadi ulipoanza kutozwa.

*Bili yangu huwa haipiti 900. Mwezi huu imekuja 11,400. Hatujapata mgeni, hatujajenga, hata mfereji tumekuwa tukikosa siku mbili tatu kwa wiki. Nimeambiwa lipa kwanza halafu ulalamike. Nikikosa kulipa nakatiwa. Nishauri, niko na watoto watano na mshahara ni ule wa ualimu.*
*Mwalimu, magharibi*

Mwalimu, weka simu chini kwanza. Kulipa kwa simu kuko na ubaya huu mmoja, kunakimbia sana hadi mtu analipa kitu hajakisoma.

Toka nje na bili na tochi. Mita nyingi ziko na tarakimu nyeusi na tarakimu nyekundu. Zile nyeusi ni yuniti, na yuniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Zile nyekundu ni vipande vya yuniti, lita lita, hazihesabiwi kwa bili. Sasa kwa bili tafuta somo la mwezi uliopita na somo la sasa, toa moja kwa ingine upate yuniti zako, halafu linganisha somo la sasa na mita. Kama bili inasema umefika 742 na mita leo, siku kadhaa baadaye, inasoma 655, hapo hakuna mjadala, mita haiwezi kurudi nyuma. Ama msomaji alikosea, ama hakufika akakadiria. Bili ya makadirio huwa imeandikwa hivyo mahali, wakati mwingine kwa herufi moja tu ndogo pembeni, itafute. Piga picha ya mita, tarakimu zionekane pamoja na namba ya mita, na simu yako itaweka tarehe yenyewe.

Kama somo la mita na bili zinakubaliana, basi maji yamepita kweli na tunatafuta yalipoenda. Usiku, watu wote wakilala, funga mifereji yote, usijaze chochote, angalia mita. Nyingi ziko na kitu kidogo kama pembetatu ama nyota kinachozunguka. Kikizunguka na nyumba imefungwa, kuna mahali panavuja. Mara nyingi ni choo. Weka rangi ya chakula kwa tangi la choo, usiflashi, ngoja nusu saa. Ukiona rangi kwa bakuli, huyo ndiye mwizi wako. Na usidharau kuvuja kudogo. Robo lita kwa dakika, kitu kama kikombe cha chai, kwa saa ni lita 15, kwa siku 360, kwa mwezi ni lita 10,800, karibu yuniti 11, mitungi 540. Wewe na watoto watano mngebeba hiyo mitungi 540 mngejua.

Halafu kuna hii ya mgao. Maji yakikatika siku mbili mabomba yanajaa hewa, na yakirudi yanaisukuma ile hewa mbele, na mita nyingi hazijui tofauti ya hewa na maji, zinazunguka tu. Huwa siamini kwamba hewa peke yake inaweza kutoa 900 ikawa 11,400, lakini inachangia. Siku maji yanarudi, kama kuna mfereji kabla ya mita kwa ploti yenu, fungueni huo kwanza upumue.

Kitu kingine kinachofanya bili iruke ni vile bei yenyewe imepangwa. Bei ni ya ngazi, yuniti za kwanza ni za bei ya chini, ukivuka unaingia ngazi ya juu. Kwa hivyo ukitumia maji mara mbili bili inaweza kuzidi mara mbili. Na kama hawakusoma mita miezi mitatu halafu wakaja kusoma yote siku moja, inaonekana kama umetumia yote kwa mwezi mmoja na unasukumwa ngazi ya juu bila makosa yako. Hiyo waambie waigawanye kwa miezi, ni ombi la haki.

Sasa kuhusu lipa kwanza. Mimi ningefanya hivi: lipa ile 900 yako ya kawaida kwa Paybill kabla ya tarehe ya mwisho, ionekane hujakataa kulipa, halafu siku hiyohiyo peleka malalamiko kwa maandishi na picha, uombe namba ya malalamiko. Bila hiyo namba hujalalamika, umepiga tu hadithi na mtu wa dirishani. Omba kwa maandishi wasikukatie wakati wanachunguza, na omba mita ipimwe kama unashuku ni mbovu, ila uulize gharama ya kupima kwanza. Wakikuzungusha, unapeleka kwa WASREB pamoja na hiyo namba, hao hutaka kuona kwamba ulianzia kwa kampuni.

*Katiba kifungu cha 43 inasema maji ni haki. Kwa nini basi tukatiwe?*
*Msomi wa Kondele*

Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Hakisemi ya bure, na stima ya kuvuta hayo maji kutoka Dunga kuna mtu anailipia. Lakini angalia pia cha 47, hicho kinataka ofisi za umma zikuamulie mambo kwa haraka na kwa haki, na uamuzi ukikuumiza upewe sababu kwa maandishi. Ukikatiwa bila notisi, shikilia hicho, kitakufaa zaidi.

*Tuko wapangaji kumi na mbili kwa ploti. Kila mwezi tunatumia mwenye ploti pesa ya maji kwa namba yake ya simu. Juzi watu wa maji wamekuja wakakata wakasema hii ploti haijalipa tangu mwaka jana. Yeye simu haichukui. Tufanye nini na maji hakuna?*
*Wapangaji wenye kiu, Manyatta*

Hii ndiyo barua iliyonikasirisha kuliko zote, na ziko tano kama hii kwa meza.

Kwanza maji. Chagueni watu wawili waende ofisi ya maji wajitambulishe kama wapangaji, waeleze, waulize kama deni linaweza kulipwa kwa awamu na ni kiasi gani kianze ndio mrudishiwe. Ofisi haipendi ploti ya watu kumi na wawili ikae bila mapato, wengi watawasikiliza. Mchango wenu ulipwe moja kwa moja kwa Paybill ya kampuni kwa akaunti ya ploti, sio kwa namba ya mtu yeyote, hata ya huyo mpangaji mnayemwamini. Kila mtu aweke meseji yake. Mkishalipa, mwandikie mwenye ploti kwa WhatsApp, utaratibu bila matusi, mzee tumelipa maji kiasi hiki kuokoa hali, kodi za M-Pesa hizi hapa, tunaomba tukate kwa kodi ya nyumba ya mwezi ujao. Akijibu sawa, huo ni ushahidi. Akinyamaza, msikate kabla ya kumpata mtu wa kuwashauri kisheria, asije akageuza ikawa nyinyi ndio mna deni la nyumba.

Halafu waulize ofisini kama namba ya mmoja wenu inaweza kuongezwa kwa akaunti iwe inapokea meseji ya bili pia. Wengine watataka mwenye akaunti akubali. Na kwa mtu yeyote anayesoma hii na analipa maji kupitia mwenye nyumba, uliza namba ya akaunti leo. Haumkosei heshima mzee. Unataka tu kuona pesa yako imefika.

*Nimepata meseji: MTEJA MAJI YATAKATWA LEO SAA KUMI, TUMA 1,850 KWA NAMBA HII YA FUNDI UEPUKE USUMBUFU. Jina langu wameliandika sawa. Nilipe?*
*Free Area, Nakuru*

Usilipe. Fundi hapokei bili kwa namba yake, hata kama ni fundi wa kweli na amevaa kofia ya kampuni. Jina lako si ushahidi wa chochote, majina yetu yamezagaa. Angalia deni lako kwa njia ile unajua, ulipe kwa Paybill, na hiyo meseji iforwadi kwa 333 ambapo Safaricom wanapokea ripoti za matapeli.

Na kwa sababu mmeuliza kuhusu tovuti: kampuni kadhaa siku hizi ziko na tovuti ambapo unaingiza akaunti unaona bili, unaweka namba ya simu, halafu kwa simu yako kunatokea kidirisha cha M-Pesa kikikuuliza namba ya siri. Hiyo ni sawa, mradi umeianzisha wewe na jina na kiasi ni sahihi. Namba ya siri inaingia kwa hicho kidirisha cha simu ama kwa programu ya M-Pesa, basi. Tovuti ikikuuliza uandike namba ya siri ndani ya ukurasa wenyewe, toka. Na kidirisha kikitokea na wewe ulikuwa unapika ugali tu hujaomba kitu, kifute. Mtu akikupigia akidai ni Safaricom na namba yake si 0722 000 000, kata simu.

*Mimi niko Doha, mamangu yuko Kakamega na ndiye mwenye mita. Yeye simu yake ni ya kubonyeza na macho yamechoka. Nawezaje kumlipia bila kumsumbua?*
*Kijana wa Mama*

Paybill haijali mlipaji ni nani, inataka akaunti tu. Laini yako ya Kenya ikiwa inafanya kazi huko na M-Pesa iko na pesa, unalipa kutoka Doha kama uko Amalemba. Kama huna, mtumie ndugu ama dada aliye hapa alipe kwa akaunti ya mama. Shida ni kwamba meseji ya risiti inaenda kwa aliyelipa, sio kwa mama, kwa hivyo msomaji wa mita akimwambia una deni mama hana la kumjibu. Mtumie ile meseji kila mwezi, aiweke tu hata kama haisomi, kuna siku mtu ataisoma. Na usimwondolee mama kila kitu. Mwambie mjukuu ama mtoto wa jirani asome tarakimu nyeusi za mita tarehe moja kila mwezi awe anaziandika kwa kalenda ya ukutani. Wewe huko utaona bili, lakini kuvuja kwa bomba ataona aliye nyumbani.

*Nimelipa Ijumaa saa mbili usiku na Jumapili bado maji hakuna. Si mnasema malipo ni papo hapo?*
*Mteja aliyekauka, Lanet*

Malipo ndio ya papo hapo. Kufungua maji ni mtu na spana. Piga simu ya dharura ya kampuni yenu uwape kodi ya malipo, usingoje mfumo uwakumbushe. Na hakikisha ulilipa deni pamoja na ile ada ya kurudishiwa maji, wengi wanalipa deni peke yake na kazi ya kufungua haitolewi kwa fundi hadi ada iingie. Usijifungulie mwenyewe usiku, ni kosa la kisheria na faini yake itapita hiyo bili mbali.

*Nahama mwezi ujao kutoka Naka kwenda Kisumu. Akaunti ni kwa jina langu. Nitaacha tu ama kuna kitu nafanya?*
*Mhamaji*

Kuna kitu unafanya, na usihame kabla hujakifanya, juu akaunti ikiwa wazi kwa jina lako atakayeingia ataoga kwa deni lako. Andikia kampuni uombe kufunga akaunti tarehe fulani, waje wasome mita mara ya mwisho na wewe ukiwa hapo, piga picha ya somo hilo. Lipa bili ya mwisho kwa Paybill. Kama uliweka amana ulipofungua akaunti, dai irudishwe, beba risiti ya zamani na kitambulisho, na kama kuna deni wataikata hapo. Omba barua kwamba akaunti imefungwa. Ukifika Kisumu fungua mpya kwa jina lako, na kabla hujaweka sahihi uliza kama hiyo nyumba iko na deni la aliyetoka, lisomwe na kuandikwa lisiwe lako.

Walioandika kuhusu mita za kulipia kabla, zile za tokeni, barua zenu nimeziweka kando, tutazijibu toleo lijalo. Mkituma picha za mita tafadhali zipanguseni kwanza.